Mkate wa Arobaini ya Bi Mwanamvua

Jumatano, tarehe kumi na moja Septemba, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Bi Mwanamvua binti Sefu alikata roho nyumbani kwake Ngamiani, Tanga, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Tangu saa ile nyumba haikuwa nyumba ile tena. Chai ilipikwa, ikanywewa, lakini ilikuwa chai isiyo na mwenyewe.

Sikilizeni polepole, wakubwa kwa wadogo. Mwisho wa maneno haya pana mzigo, na mzigo huo mtaubeba ninyi.

Marehemu alimwacha mwanawe Bakari, na mumewe, Mzee Shekue, fundi cherehani aliyeacha kazi macho yalipochoka. Na aliwaacha wanawake watatu waliozoea kuingia na kutoka jikoni kwake, na kila mmoja wao Mwenyezi Mungu alimjalia kipaji.

Saumu, binti yake wa pekee, alijaliwa sikio. Angeweka sikio karibu na sufuria iliyofunikwa akakuambia wali umebakiza maji kiasi gani. Hakukosea.

Nyamizi, mke wa mwanawe Bakari, alijaliwa vidole. Alitoka Tabora, akafanya kazi miaka mitatu katika jiko la hoteli kabla ya kuolewa. Kitu chochote kinachokunjika, awe amepewa jani la mgomba au kitambaa au karatasi, alikikunja kikakaa kama kilizaliwa hivyo.

Chausiku, jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane mwenye watoto wanne, alijaliwa kiasi. Hakupima kwa kikombe wala kijiko. Mkono wake ulijua mafuta yanapokuwa ya kutosha na yanapozidi. Miaka saba alikuwa akija kumsaidia Bi Mwanamvua kuoka, na yote aliyoyajua aliyapata pale.

Kisha kulikuwa na sufuria.

Haikuwa na uzuri wa kutazamwa. Ilikuwa ya alumini nzito, nyeusi nje na nyeusi ndani. Weusi wa ndani haukuwa uchafu. Ulikuwa samli ya miaka thelathini na mitatu, iliyopakwa, ikaungua, ikapakwa tena, hata ikawa kama ngozi isiyoshika mkate. Bi Mwanamvua hakuisugua kamwe. Aliipangusa kwa kitambaa, akaifunika, basi. Humo aliokea mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui, moto chini na makaa juu ya kifuniko. Harusi za mtaa, maulidi za mtaa, hitma za mtaa, zote zilikula mkate wa sufuria ile. Mwenye sufuria ile ndiye aliyeitwa wa kwanza penye furaha, na wa kwanza penye msiba.

Siku mbili kabla hajafa, Bi Mwanamvua alimwita mumewe karibu.

"Baba Bakari, mkate wa arobaini yangu uokwe humu, nyumbani. Msininunulie. Utoke mzima, uwekwe mbele ya wasomaji, ndipo dua isomwe. Mkono utakaoutoa mzima, uupe sufuria hii na nafasi yangu jikoni."

"Maneno gani hayo, mama? Utapona."

"Nikipona utanicheka. Niapie."

Mzee Shekue akaapa kwa jina la Mola wake.

"Na umpe mmoja tu," mkewe akasema. "Sufuria moja haiwezi kukaa nyumba tatu. Wala usiwaambie kabla, wasije wakaanza kugombea na mimi mwenyewe sijapoa."

Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza.

Tangu siku hiyo mzee alikuwa na amana kifuani, na ilimlemea. Ahadi kwa aliye hai unaweza kumwendea ukamwomba akuachilie. Aliyekwisha kuzikwa utamwendea vipi? Isitoshe, mtaani kulikuwa na msemo kwamba mkate wa arobaini ukikatika, marehemu hajaridhika na waliobaki. Mzee alijua kuwa hilo halimo katika dini. Sheikh Mbaruku alikwisha kulikemea mara nyingi. Lakini kujua ni kichwani, na hofu haikai kichwani.

Sasa sikilizeni kosa lililotendeka, maana lilitendeka kwa mapenzi.

Siku ya saba ya msiba, Saumu aliyekuwa hajatoa chozi tangu mazishi aliichukua sufuria ya mama yake, akaipeleka bombani. Akachukua mchanga, majivu na chuma cha kusugulia. Akasugua kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, huku akilia kwa mara ya kwanza. Alipoinuka, sufuria iling'aa ndani na nje kama ya dukani. Wanawake waliokuja kuhani wakamsifu. Mzee Shekue naye alipita, akaiona, akasema, "Mungu akubariki, mwanangu, umemtunza mama yako." Hakuna aliyejua kuwa miaka thelathini na mitatu ilikuwa imemiminwa mferejini.

Siku ya arobaini ilikuwa Jumapili. Wasomaji wangefika saa nane, baada ya sala ya adhuhuri. Dua ilipangwa iwe saa tisa na nusu, wapate kumaliza kabla ya alasiri. Mchele ulilowekwa tangu jana yake, ukasagwa kwa tui na iliki, ukatiwa hamira. Chausiku akaugawa uji wa mkate katika mabakuli mawili.

"Wa pili wa nini?" Saumu akauliza.

"Wa akiba. Mama yako hakuoka bila akiba."

Chausiku akichochea makaa, Saumu akaipaka sufuria samli na kumimina, na mkate wa kwanza ukaingia motoni saa tatu. Saa nne na nusu waliugeuza juu ya sinia. Haukutoka. Wakagonga. Wakapitisha kisu pembeni. Ukatoka vipande vipande, na chini ya sufuria ukabaki ukoko mpana kama kiganja.

Mzee Shekue alikuwa ameketi kwenye kiti cha ua, tasbihi mkononi. Alisikia kisu kikikwangua chini ya sufuria, na vidole vyake vikasimama juu ya punje moja.

Chausiku akaiinamisha sufuria kwenye mwanga. Akapitisha kidole ndani.

"Nani ameisugua?"

"Mimi, da Chausiku," Saumu akasema.

"Kwa nini lakini? Hukuwahi kumwona mama yako akiipangusa tu?"

"Niliona. Nilidhani ni mikono inamuuma."

Chausiku akaishusha sufuria. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwenyezi Mungu atusitiri leo." Na mzee pale kitini akakumbuka baraka aliyoitoa kwa kinywa chake mwenyewe, akainamisha uso.

Bakuli lilibaki moja. Mchele mwingine usingewahi kulowana. Kupaka samli peke yake kulikwisha kushindwa, kwani hata kwa mkate wa kwanza sufuria ilipakwa samli ya kutosha. Wakaukwangua ule ukoko, wakashauriana bila kupata njia, hata saa saba ikagonga. Ndipo Nyamizi akaingia chumbani kwake akatoka na bunda la karatasi ya kung'aa.

"Baba," akamwambia mzee, "hotelini tulikuwa tunatandika foili."

"Foili?" Chausiku akaidaka. "Hii si ndiyo ya kufungia chipsi? Tumfungie marehemu mkate wake kama kuku wa njiani?"

"Si kuufungia, da Chausiku. Ni kuutandikia. Mkate utalala kwenye foili, hautaigusa sufuria."

"Miaka mitano umo humu ndani, mbona hukumwambia mwenyewe?"

"Mwenyewe hakuniruhusu niiguse sufuria yake," Nyamizi akasema. "Hata kuiosha."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na mzee aliyajua. Kila Nyamizi alipoinyooshea mkono, mkewe alisema, "Iache, mwanangu, hiyo ina wenyewe." Hakusema kwa ubaya. Lakini aliyeambiwa hakuwa anaoka, alikuwa anachota maji na kumenya vitunguu, mwaka baada ya mwaka.

"Tandika," mzee akasema.

Nyamizi akaifudikiza sufuria, mdomo chini. Akakata foili vipande viwili virefu, akavipitanisha mgongoni mwa sufuria, akaipapasa foili taratibu mpaka ikashika umbo. Akaivua kama kofia. Akaigeuza sufuria, akaiingiza ile kofia ndani, ikakaa bila kupasuka popote. Pembeni aliacha masikio mawili marefu yaliyochungulia nje ya ukingo, akayakunja.

"Haya ya nini?" Saumu akauliza.

"Ya kushikia. Ukishaiva hatugeuzi, wifi. Tunaunyanyua."

Sufuria ikawa na ngozi mpya. Nyamizi akalichukua bakuli la uji ili amimine. Hapo Chausiku akaushika mkono wake.

"Ngoja. Wewe unaijua karatasi. Huujui mchele wetu."

"Da Chausiku, saa zimekwenda!"

"Hata zikienda."

Akakata kipande kidogo cha foili, akakiweka juu ya kaa, akadondosha kijiko cha uji. Kilipoiva akajaribu kukibandua. Mkate ukaja na karatasi, karatasi ikaja na mkate, hata hukuweza kujua kimoja kinaishia wapi. Akakata kipande cha pili, akakipaka samli, akanyunyiza unga wa mchele, akadondosha tena. Hiki kilipoiva, alikiinamisha tu, kikateleza kama kinachotoroka.

"Umeona?"

"Nimeona," Nyamizi akasema. "Hotelini tulioka keki za siagi. Zenyewe zilikuwa na mafuta mengi."

Chausiku akayeyusha samli. Akaipaka kwa kidole, kunjo moja baada ya jingine, maana foili ina makunjo, na kila kunjo ni mahali pa mkate kujishikiza. Akanyunyiza unga, akaizungusha sufuria, akaugonga uliozidi ukatoka. Ilimchukua dakika kumi na tano. Mzee Shekue alizihesabu zote kwenye saa ya ukutani, huku sebuleni wasomaji wa kwanza wakipiga hodi na kuvua viatu.

Saa nane na dakika tano mkate ukaingia motoni.

Sasa mzee akawa mtu wa kwenda na kurudi. Aliketi sebuleni na wasomaji, juzuu yake mapajani, akasoma mistari minne, akainuka. Akafika uani, akawatazama wanawake, akarudi. Mlangoni alimsikia jirani mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Wanasema wa asubuhi ulikatika." Na mwenzake akajibu, "Usiseme. Leo arobaini yake." Mzee akapita kana kwamba hakusikia, lakini miguu yake ilisikia.

Saa tisa na robo, Nyamizi alichoma kijiti katikati ya mkate, kikatoka kikavu. Umeiva. Wakaiondoa sufuria motoni. Sebuleni Sheikh Mbaruku alikuwa amefika kwenye sura fupi za mwisho.

"Baba Bakari," Sheikh akamwambia mzee kwa upole, "tunakaribia. Mkate uletwe."

Mzee akakimbia, kwa kadiri mzee anavyoweza kukimbia.

"Sheikh anataka mkate."

Nyamizi akayakunjua masikio ya foili, akaanza kuvuta. Upande mmoja ukainuka kidogo, na palepale ufa mwembamba ukajichora juu ya mkate. Saumu akamrukia, akaushika mkono wake na yale masikio ya moto pamoja.

"Acha, wifi! Bado unaongea!"

"Nani anaongea?"

Saumu alikuwa amekwisha kupiga magoti, sikio kando ya sufuria. "Mkate. Unakaangika pembeni, nausikia. Bado haujaachia. Mama alikuwa anasubiri mpaka unyamaze, kisha utoe mlio mmoja, kama ukucha unaogonga bati. Ukigonga, umejitenga."

"Kwa muda gani?" mzee akauliza.

"Sijui, baba."

"Saumu, Sheikh anangoja. Watu wamejaa mpaka barazani."

"Baba, ukiwa moto utakatika. Naomba."

Mzee akamtazama binti huyu aliyeisugua sufuria. Moyo mmoja ulimwambia: ndiye aliyetufikisha hapa, utamsikiliza tena? Moyo wa pili ukamkumbusha: sikio hili halijawahi kukosea sufuria. Akarudi sebuleni, akainama sikioni mwa Sheikh.

"Tuombe dakika chache."

"Kuna nini?"

"Mkate haujanyamaza."

Sheikh Mbaruku alimtazama mfiwa kwa huruma, akidhani huzuni imempanda kichwani. Kisha akawaambia wasomaji, "Tuisome Yasini kwa utaratibu, tusikimbizane."

Uani, Chausiku aliuma ncha ya kanga. Nyamizi alipunga upepo juu ya sufuria kwa ungo, Saumu akamkataza. "Upepo utaushtua. Uache." Aliikumbatia sufuria kwa kanga zilizokunjwa, asimruhusu mtu kuigusa, jasho likimtiririka, sikio palepale. Mara mbili Chausiku alisema, "Sasa?" Mara mbili Saumu alitikisa kichwa. Sebuleni Yasini ilikuwa ikielekea mwisho. Mzee alisimama katikati ya ukumbi, sikio moja kwa wasomaji na jingine uani, akamwomba Mola wake kitu ambacho aliona haya kukiomba: kwamba mkate unyamaze.

Kisha Saumu akainua kidole.

"Umegonga."

Nyamizi akashika sikio moja la foili. Chausiku akashika la pili. Wakanyanyua kwa pamoja, polepole, na Saumu akapitisha sinia chini yake, akaupokea. Foili ikafunguka kama ganda la yai la kuchemsha. Mkate ulikuwa mzima, wa rangi ya asali pembeni, ule ufa mwembamba haukuzidi urefu wa ukucha wala haukufika chini. Mzee Shekue akalibeba sinia mwenyewe. Akaliweka mbele ya Sheikh. Dua ikasomwa. Watu wakala, wakasema, "Huu ni wa Bi Mwanamvua kabisa."

Wageni walipoondoka, mzee aliwaita wanawake watatu uani. Sufuria ilikuwa mapajani mwake. Akawaambia wasia neno kwa neno, na kiapo alichokula. 

Chausiku akawa wa kwanza. "Mzee, mimi sikuzaliwa humu wala sikuolewa humu. Lakini kazi ya sufuria hii Bi Mwanamvua alinifundisha mimi. Karatasi ile bila samli ingeula mkate, mliona wenyewe kwenye kaa."

"Na samli bila karatasi?" Nyamizi akasema. "Asubuhi ilikuwepo samli. Mkate ulitoka vipande." Kisha sauti ikamshuka. "Baba, miaka mitano nimeambiwa hiyo ina wenyewe. Leo nilitaka kujua kama na mimi ni mwenyewe."

Saumu hakuinua uso. "Mimi ndiye niliyeiharibu. Sina la kudai."

"Usijishushe hivyo," Chausiku akamwambia, japo alikuwa akishindana naye. "Ungetuachia sisi, tungeupasua mbele ya macho ya Sheikh."

"Ni kweli," Nyamizi akasema. "Mimi nilikuwa nimeshaanza."

Saumu ndipo alipolia. "Ni mama yangu. Hakuna kingine chake kilichobaki chenye alama ya mkono wake, na alama yenyewe niliifuta mimi. Ukinipa, baba, nitaipaka samli kila siku mpaka nife. Usiponipa, nitajua kwa nini."

Mzee Shekue aliwatazama mmoja mmoja. Kama angetazama mkono ulionyanyua, iliyonyanyua ilikuwa miwili, na wa tatu ulipokea. Kuhusu damu, binti alikuwa mmoja, lakini marehemu hakutaja damu. Kuhusu mafunzo, mwanafunzi alikuwa mmoja, lakini marehemu hakutaja mafunzo. Kuhusu aliyekuwa na wazo, mkaza mwana ndiye aliyetoa karatasi, lakini ndiye ambaye marehemu hakupenda aiguse sufuria hata kwa maji. Na yule aliyekosa kisha akaokoa, je, wokovu wake unafuta kosa, au unalilipa tu akabaki mikono mitupu? Alitaka kuwaomba wote watatu waishike kwa zamu. Kisha akakumbuka: umpe mmoja tu.

Akainyanyua sufuria kutoka mapajani. Wote watatu wakanyoosha mikono bila kutaka, halafu wote watatu wakairudisha.

Enyi mliosikiliza, mzee yu pale bado na sufuria mikononi, na kiapo hakina njia ya pembeni. Nyamizi aliutandikia mkate, Chausiku aliutelezesha, Saumu aliungoja. Ondoa mmoja, mkate haupo. Je, wewe ungeamua vipi? Ungemkabidhi nani, na hao wawili wengine ungewaambia neno gani kabla jua halijazama?

Jibuni kwa uangalifu, maana mwenye wasia hayupo wa kuulizwa.

Ee Mola, msamehe Mwanamvua binti Sefu aliyoyajua na asiyoyajua. Lipanue kaburi lake, litie nuru, umlipe kwa kila tonge alilomlisha mwenye njaa na kila aliyefiwa. Uwape subira aliowaacha, na sisi utukutanishe naye ukiwa radhi nasi. Amina.